Mradi wa Mwaka wa Mwisho

Alitujia barazani baada ya swala ya alasiri kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale, tuliyemsomesha Juzuu Amma akiwa na meno ya utoto, na ambaye sasa yumo katika mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mawasiliano ya redio. Mkononi alikuwa na karatasi, na uso umemchangamka.

"Sheikh," akasema, "nimepata mradi utakaokupendeza. Nataka kuunda mtambo wa kuzima simu zote ndani ya msikiti."

Hatukanushi kwamba moyo wetu uliruka. Ni imamu gani asiyekatizwa na taarabu itokayo mfukoni mwa maamuma katikati ya rukuu? Bahati njema alikuwepo mpwa wetu, ambaye riziki yake ni kupanda minara ya simu na kuitengeneza, naye akauliza swali moja: "Ukuta wa msikiti utayazuia mawimbi yako yasitoke?"

Kijana akanyamaza. Simu zetu hutumia masafa kadhaa, yakiwemo ya megahezi 900 na 1800, na mtambo wa namna hiyo hauzimi simu bali hupiga kelele katika masafa hayo hadi simu isiusikie mnara. Kelele hiyo hupita dirishani. Jirani aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku, akitaka kuita gari, atapiga simu isiyokwenda, asijue kuwa sababu ni sisi. Zaidi ya hayo, kuvuruga mawasiliano ya watu ni kosa la kisheria, na masafa yenyewe hugawiwa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Karatasi ikakunjwa.

Huenda msomaji akaona haya ni mambo ya chuoni, yasiyoihusu familia. Kakaye kijana huyu aliacha masomo kidato cha tatu, akaenda kuchukua mizigo bandarini ili mdogo wake asome. Mradi ukianguka ni mwaka mwingine wa karo, na mgongo utakaoilipa ni ule ule. Fomu ya kuchagua mradi ilitakiwa Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Alikuwa na wazo la pili: antena ya simu za kizazi cha tano, katika gigahezi 28. Mpwa wetu akamwuliza chuo kina vyombo gani vya kupimia masafa hayo. Hakina. Huko wimbi zima lina urefu wa sentimita 1 tu na kidogo, na kosa la nusu milimita katika kukata bodi huiharibu kazi. Angebaki na picha nzuri za kompyuta, bila kitu cha kuzithibitisha.

Hapo kijana akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba wako watu mjini wauzao miradi iliyokwisha kukamilika, pamoja na ripoti yake, na kwamba wenzake wawili wameshalipa.

Mpwa wetu akatutazama, maana hilo lilikuwa letu. Hatukumhutubia. Tulimwuliza tu: "Mwanangu, siku utakapoitwa kuutengeneza mnara ambao hospitali nzima yautegemea, utamwita yule muuzaji aje apande?" Tukamwuliza tena iwapo kakaye angelijua fedha ya mizigo imenunua nini. Machozi yalimlenga, nasi tukaagiza kahawa ili apate la kufanya na mikono yake.

Kikombe cha pili kilipokwisha, mpwa wetu akaashiria upande wa Kilindini. "Meli zile zote zasema," akasema. "Kwa nini usizisikilize?"

Meli za tani 300 na zaidi zifanyazo safari za kimataifa hulazimika kubeba chombo kinachotangaza namba ya meli, mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake, na ikiwa safarini hufanya hivyo kila baada ya sekunde chache. Matangazo hayo hupita katika megahezi 161.975 na 162.025. Kuyapokea hakuhitaji kurusha wimbi lolote. Hapa wimbi lina urefu wa mita 1.85, kwa hiyo antena ya robo wimbi ni waya wa shaba wa sentimita 46, ambao hata fundi wa baiskeli aweza kuukata sawasawa. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta hakigharimu fedha nyingi, na vipimio vidogo vya antena navyo siku hizi vyapatikana kwa bei ya mwanafunzi.

Lililotupendeza zaidi ni hesabu. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, fanya hivyo kwa antena ya meli, ujumlishe, kisha uzidishe kwa 4.1, utapata takriban kilomita ambazo wimbi litafika kabla bahari haijapinda. Antena ikiwa mita 16 juu ya maji na ya meli mita 25, jibu ni kilomita 37 hivi. Basi kijana atatabiri kwanza, kisha atasikiliza majuma kadhaa na kuandika kila meli na umbali wake. Utabiri ukikosea, kueleza kwa nini umekosea nako ni mradi.

"Na mashua za wavuvi?" tukauliza. Hazimo, sharti hilo haliwafikii wadogo. Kijana aliandika hilo pembeni mwa karatasi yake, akalipigia mstari.

Jumatatu msimamizi wake alitia saini. Jioni alirudi kuomba ruhusa ya kuiweka antena juu ya paa la msikiti, ambalo ndilo refu kuliko mapaa ya mtaa. Tumelipeleka ombi kwa kamati. Mzee mmoja ameshauliza kama chombo hicho kitazima simu.