Mwadi Mabika

Mwadi Mabika (alizaliwa Kinshasa, 27 Julai 1976) ni mchezaji wa zamani wa kulipwa wa mpira wa kikapu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alicheza misimu 12 katika WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani: misimu 11 akiwa na Los Angeles Sparks (1997–2007) na mmoja akiwa na Houston Comets (2008). Alitwaa ubingwa wa ligi hiyo mara mbili, mwaka 2001 na 2002.

Ni miongoni mwa wanawake wa kwanza waliozaliwa na kukulia Afrika kucheza katika WNBA.

Timu ya taifa na Olimpiki ya 1996

Wakati wa ujana wa Mabika nchi yake iliitwa Zaire. Timu ya wanawake ya Zaire ilikuwa na nguvu barani: ilishinda ubingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994. Hata hivyo, mpira wa kikapu wa wanawake ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1976, hakukuwa na timu ya Afrika, na hali ikabaki hivyo kwa miaka 20. Mwaka 1996, idadi ya timu ilipoongezwa kutoka 8 hadi 12, Zaire ikawa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kushiriki mchezo huo katika Olimpiki. Mabika alikuwa mmoja wa wachezaji wake.

Michezo hiyo ilifanyika Atlanta, Marekani, wakati Zaire ilipokuwa katika matatizo makubwa ya kiuchumi na kisiasa. Dikembe Mutombo, mchezaji maarufu wa NBA ambaye naye alizaliwa Kinshasa, alitoa fedha zake mwenyewe kugharimia sare na mahitaji mengine ya timu hiyo ya wanawake.

Uwanjani matokeo yalikuwa magumu. Zaire ilipoteza mechi zake zote na kushika nafasi ya 12, yaani ya mwisho. Ilipokutana na Marekani, waliochukua medali ya dhahabu, ilifungwa 107–47. Katika kikosi hicho cha Marekani walikuwemo Lisa Leslie na Sheryl Swoopes, ambao majina yao yalikuja kukutana tena na la Mabika.

Kujiunga na WNBA

Ushindi wa Marekani mjini Atlanta ulisaidia kuanzishwa kwa WNBA, iliyoanza mwaka 1997 ikiwa na timu 8. Mchezo wa kwanza kabisa wa ligi ulichezwa 21 Juni 1997 huko Inglewood, California, ambapo New York Liberty iliifunga Los Angeles Sparks 67–57. Mabika alijiunga na Sparks katika msimu huo wa kwanza akiwa na umri wa miaka 20. Lisa Leslie, aliyekuwa mpinzani wake mwaka mmoja kabla, sasa alikuwa mchezaji mwenzake.

Kipindi hichohicho nchi yake ilikuwa ikibadilika. Vita vilivyoanzia mashariki mwa Zaire mwaka 1996 viliuangusha utawala wa Mobutu Sese Seko, na Mei 1997 nchi ikapewa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hivyo Mabika alianza kazi ya kulipwa ugenini wiki chache tu baada ya jina la nchi aliyoiwakilisha Olimpiki kufutwa.

Tofauti na wachezaji wengi wa ligi hiyo, hakupitia timu ya chuo kikuu cha Marekani.

Nafasi yake uwanjani

Mabika, mwenye urefu wa takriban mita 1.80, alicheza kama mlinzi na pia kama mshambuliaji wa pembeni, akivaa jezi namba 4. Alijulikana hasa kwa kutupa mpira kutoka mbali, nje ya mstari wa pointi tatu.

Uwezo huo ulikuwa na maana kubwa kwa Sparks. Leslie, mwenye urefu wa mita 1.96, alifunga zaidi akiwa karibu na kikapu, na wapinzani walitaka kumzuia kwa wachezaji wawili au watatu. Lakini kila aliyemwacha Mabika ili kwenda kumkaba Leslie alimpa Mabika nafasi ya kufunga kutoka mbali. Kwa njia hiyo mchezaji wa nje hufungua nafasi ndani hata asipogusa mpira.

Ubingwa wa 2001 na 2002

Houston Comets, timu ya Swoopes, ilishinda ubingwa wa miaka minne ya kwanza, 1997 hadi 2000. Mwaka 2000 Sparks ilishinda michezo 28 kati ya 32 ya msimu wa kawaida, lakini ikatolewa na Houston katika mtoano. Mwaka 2001, chini ya kocha Michael Cooper, ilirudia rekodi hiyo ya 28–4, na safari hii ikaifunga Charlotte Sting 2–0 katika fainali.

Mwaka 2002 ulikuwa kilele cha Mabika. Sparks ilishinda michezo yote 6 ya mtoano na kutetea ubingwa kwa kuifunga New York Liberty 2–0. Mwisho wa msimu Mabika aliteuliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji watano bora wa ligi nzima, pamoja na Tamika Catchings, Sue Bird, Lisa Leslie na Sheryl Swoopes. Miaka sita kabla, wawili wa mwisho walikuwa katika timu iliyoifunga Zaire kwa tofauti ya pointi 60.

Miaka ya mwisho

Sparks ilifika fainali tena mwaka 2003 lakini ikafungwa na Detroit Shock 2–1. Mabika aliendelea na timu hiyo hadi mwaka 2007, kisha akahamia Houston Comets kwa msimu wa 2008. Timu ya Houston ilivunjwa Desemba 2008, na huo ukawa msimu wake wa mwisho katika WNBA.

Umuhimu wake

Maisha yake ya michezo yanaonyesha kwamba nafasi ya timu ya taifa haipimi uwezo wa kila mchezaji aliye ndani yake. Zaire ilikuwa ya mwisho Atlanta, lakini ndani yake alikuwemo mchezaji aliyeweza kuwa kati ya watano bora wa ligi kubwa ya wanawake.

Kwa Afrika Mashariki na Kati alitangulia pia upande wa wakati: Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza katika NBA, alichaguliwa mwaka 2009, miaka 12 baada ya Mabika kuanza WNBA.

Mafanikio

Bingwa wa WNBA: 2001, 2002
Mchezo wa nyota wa WNBA: 2000, 2002
Kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa WNBA: 2002
Mshiriki wa Michezo ya Olimpiki: 1996