Mpangaji Aliyekwisha Kulipa Yote

Katika miji mingi ya Tanzania, anayetafuta chumba cha kupanga huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: una kodi ya miezi mingapi? Miezi sita ndiyo kawaida, mwaka mzima si ajabu, na juu yake kuna mwezi mmoja wa dalali. Chukua mfano wa chumba na sebule kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Siku ya kukabidhiwa funguo, mpangaji anatoa 600,000 za mwenye nyumba na 100,000 za dalali, jumla 700,000, na hata godoro hajalihamisha. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi, tena kabla ya makato. Mshahara unakuja kwa mwezi, kodi inadaiwa kwa nusu mwaka, na pengo hilo huzibwa kwa mkopo wa kikoba, kwa kukopa ndugu au kwa kuuza kitu. Malalamiko yetu juu ya kodi ya mkupuo kwa kawaida huishia hapo, kwenye uchungu wa kutoa pesa nyingi kwa siku moja. Lakini hasara kubwa zaidi iko mbele ya siku hiyo. Kodi ya mkupuo humpokonya mpangaji nguvu ya kudai haki ambazo sheria imekwisha kumpa.

Haki hizo zipo, na si chache. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu ahadi kadhaa kuwa zimo ndani ya kila upangaji, hata kama hakuna aliyezitamka. Mwenye nyumba anaahidi kwamba mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Akipangisha sehemu tu ya nyumba, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote ni jukumu lake. Nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza, na iendelee kufaa. Ikiungua au kuharibiwa na mafuriko bila kosa la mpangaji, kodi husimama kwa kadiri ya uharibifu uliotokea. Upangaji usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa kwa mdomo na bado sheria ikautambua, na ule wa mwezi hadi mwezi hauvunjwi ila kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, atoe huyu au atoe yule.

Mpangaji naye ana mzigo wake, na mjadala wa haki usiougusa mzigo huo ni nusu mjadala. Anatakiwa kulipa kodi kwa tarehe waliyokubaliana. Anatakiwa kutunza alichokabidhiwa na kukirudisha kama alivyokikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida: rangi iliyofifia kwa miaka si kosa lake, sinki alilolipasua ni lake. Mwenye nyumba akimtaarifu mapema kwamba anakuja kukagua, anamfungulia. Hampangishi mtu mwingine chumba bila ridhaa ya mwenyewe. Sheria haimruhusu kuzuia kodi kila anapokasirika. Bomba likivuja, wajibu wa kulipa unabaki palepale. Nguvu yake ya kweli ni nyingine: uwezo wa kutoa notisi, kufunga virago na kwenda kupeleka kodi yake kwa mwingine. Mwenye nyumba anayejua kwamba mpangaji mzuri anaweza kuondoka mwezi ujao ana sababu ya kumwita fundi wiki hii.

Hapo ndipo mkupuo unapoharibu mambo. Tuseme mpangaji amelipa miezi sita mwezi Februari. Mwezi Aprili masika yanashika, dari ya chumbani inaanza kuwa na madoa ya njano, kisha maji yanachuruzika juu ya kabati. Anapiga simu, anaambiwa fundi atakuja. Wiki tatu baadaye fundi hajaonekana na beseni liko katikati ya chumba. Kisheria paa si lake, ni la mwenye nyumba. Lakini akihama anaacha nyuma miezi kama mitatu aliyokwisha kuilipia, na huko aendako anatakiwa atoe sita mingine pamoja na ya dalali. Akienda Baraza la Kata, analofanya Baraza hilo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ni kusuluhisha tu. Wasipopatana ndipo shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpaka lisikilizwe, mvua zimekwisha. Akipaza sauti sana, ataambiwa muda wake ukiisha atafute pengine. Kwa hesabu ya kawaida kabisa anaamua kunyamaza, na haki yake inabaki kwenye kitabu cha sheria.

Mkataba wenyewe huonyesha jinsi mizani ilivyolala upande mmoja. Ile karatasi ya ukurasa mmoja inayouzwa stationeri, yenye nafasi za kujaza majina na kiasi, mara nyingi imejaa yale ambayo mpangaji hataruhusiwa: kelele, wageni wa kulala, kupigilia misumari, kufuga. Upande wa mwenye nyumba hupata mstari mmoja wa kukiri kwamba amepokea pesa. Nani atatengeneza paa, kodi ikipandishwa taarifa itatolewa lini, gharama ya mita moja ya umeme wa LUKU itagawanywa vipi kati ya mwenye friji na mwenye taa moja, yote hayo hayamo. Mpangaji anayeyauliza akiwa na laki sita mkononi, nyuma yake kuna wengine watatu wanaosubiri chumba hichohicho, hana muda wa kujadiliana. Anasaini.

Wenye nyumba wana hoja zao, na hazistahili kubezwa. Ya kwanza ni kwamba wengi wao si matajiri. Ni wastaafu, wajane, watu waliojenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi bila mkopo wa benki, na kodi ya miezi sita ndiyo inayopaua vyumba viwili vilivyobaki au kulipa ada ya shule. Ni kweli, ila tuitaje kwa jina lake: huo ni mkopo usio na riba, unaotolewa na mtu ambaye mara nyingi ni maskini kuliko anayekopeshwa. Na si kweli kwamba bila mkupuo hakuna atakayejenga. Nairobi, ambako kodi ya nyumba za kawaida hulipwa kila mwezi pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja, mtaa kama Pipeline kule Embakasi umejaa maghorofa ya kupangisha yaliyosongamana mpaka jua halifiki chini. Kasoro za mtaa huo ni nyingi, lakini uhaba wa watu walio tayari kujenga si mojawapo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mpangaji asipolipa, kumtoa ni kazi. Anayepokea mwezi kwa mwezi anaweza kujikuta na mtu mwenye madeni ya miezi mitatu asiyetaka kuondoka, na Baraza linachukua muda. Hofu hii ndiyo inayozaa vitendo vya kufunga mlango kwa kufuli nyingine au kung'oa bati, mambo ambayo Wakenya wanaolipa kwa mwezi wanayafahamu vizuri. Kwa hiyo malipo ya mwezi peke yake hayatoshi. Yanahitaji amana ya mwezi mmoja au miwili inayorudishwa ikiwa nyumba imekutwa salama, notisi ya maandishi kwa anayechelewa, na njia fupi ya kusikiliza mashauri ya kodi. Yanahitaji pia wapangaji wanaolipa. Kila anayehama usiku akiacha deni anampa mwenye nyumba sababu ya kumdai mpangaji anayefuata miezi kumi na miwili.

Ya tatu huja kutoka kwa wanaoikumbuka historia. Tanzania iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na ikafutwa mwaka 2005. Kodi zilizogandishwa chini ya gharama za matengenezo huzeesha nyumba, kwa kuwa hakuna anayetia rangi mahali pasipomrudishia kitu. Kenya bado inayo sheria ya namna hiyo, lakini inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango ambacho soko limekiacha mbali, kwa hiyo wapangaji wengi wamebaki nje ya ulinzi wake. Somo ninalolipata ni kwamba serikali haiwezi kupanga bei ya chumba na kuiacha hivyohivyo kwa miongo. Kupanga bei ni jambo moja, kupanga muda wa malipo ni jingine. Kikomo cha miezi miwili au mitatu ya kulipa mbele hakimpunguzii mwenye nyumba hata shilingi moja ya kodi yake ya mwaka.

Wapo pia wapangaji wanaoupenda mkupuo, kwa sababu ukishalipa unakaa miezi sita bila kugongewa mlango na bila kupandishiwa. Wana haki ya kuuchagua. Lakini utulivu huo tayari ni ahadi ya sheria kwa kila anayelipa, na bei isiyopanda inaweza kuandikwa kwenye mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi. Haifai mtu auziwe kwa miezi sita kitu ambacho ni chake tangu siku ya kwanza.

Sheria ya Ardhi imeliacha suala la kodi ilipwe kwa miezi mingapi mikononi mwa wanaopatana, na asiye na pahali pa kulala hawezi kupatana sawasawa na mwenye funguo. Bunge lina nafasi ya kusawazisha hilo. Kwa sasa, anayetafuta nyumba aombe miezi mitatu badala ya sita, kwani wapo wenye nyumba wanaokubali wakiahidiwa amana na tarehe isiyoyumba. Alipe kwa simu au benki ili ujumbe ubaki kuwa risiti, apige picha za kuta na dari kabla ya kuingiza vitu, na aongeze kwa mkono kwenye karatasi ya stationeri mistari miwili: paa na mifereji ni ya nani, na notisi ni ya muda gani. Ukija ugomvi, mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu hautapokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe, hivyo ni vyema kulimaliza hilo mapema. Na tarehe ya kodi ikifika, alipe, kwa sababu kila mwezi unaolipwa kwa wakati ni hoja dhidi ya mkupuo ambayo mwenye nyumba hawezi kuikana.