Michoro kwenye konsoli ya Linux

Michoro kwenye konsoli ya Linux ni matumizi ya programu za picha, video au kurasa zilizochorwa katika kompyuta ya Linux bila kuwasha mfumo wa madirisha kama X11 au Wayland. Konsoli ni ile skrini nyeusi ya maandishi inayosubiri amri. Wengi hudhani hapo huwezi kuona hata picha moja. Sivyo. Katika Linux ya leo kazi ya kupeleka nukta kwenye skrini ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Mfumo wa madirisha hugawa tu skrini hiyo kati ya programu nyingi.

Fremubafa

Fremubafa ni sehemu ya kumbukumbu inayotunza rangi ya kila nukta ya skrini. Linux huionyesha kama faili, /dev/fb0, na programu ikiandika namba humo, rangi hubadilika mbele ya macho. Hesabu yake ni ya darasani: skrini ya nukta 1024 kwa 768, kila nukta ikichukua baiti 4, inahitaji baiti 3,145,728, yaani MB 3 kamili.

Kabla yake ilitumika maktaba ya SVGAlib, ambayo kwa kawaida ilidai mamlaka ya msimamizi mkuu na iliweza kugandisha mashine nzima. Fremubafa ilienea na Linux 2.2 ya mwaka 1999. Tangu 2009, kuanzia toleo la 2.6.29, kerneli yenyewe huweza kupanga ukubwa wa skrini kwa njia iitwayo KMS.

Matumizi

Mwalimu wa Kayanga wilayani Karagwe, au wa Nkwenda wilayani Kyerwa, mwenye kompyuta kuukuu ya RAM MB 512 ataona mazingira ya madirisha yakimeza kumbukumbu karibu yote kabla somo halijaanza. Kwenye konsoli, mashine hiyo hiyo bado inafundisha. Amri *fbi -a ramani.jpg* hujaza skrini kwa picha; *fbgs* hufungua faili za PDF, mathalani mitihani ya zamani; *mpv --vo=drm* huonyesha video, ingawa prosesa dhaifu itamudu zile ndogo tu. Kivinjari Links, kikiitwa kwa *links -g*, huonyesha kurasa pamoja na picha zake, lakini hakifanyi kazi na JavaScript, hivyo tovuti nyingi za sasa hazifunguki vizuri. Mtumiaji huhitaji kuwa katika kundi la "video". Programu ikikwama, Alt+F2 mara nyingi humpeleka kwenye konsoli nyingine aizime kutoka huko.

Maandishi hayaleti shida: fonti ya konsoli ina alama zisizozidi 512, na Kiswahili, sawa na Kinyambo, huandikwa kwa herufi za Kilatini za kawaida.

Kikwazo kikubwa kiko kwingine. Programu moja hushika skrini yote, na zile zilizoundwa kwa madirisha hazifunguki kabisa. LibreOffice na Firefox zimo humo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka wanafunzi wajifunze kuandaa barua na majedwali kwa programu hizo hana budi kutafuta mashine yenye kumbukumbu zaidi.