"Kiume": Neno Moja, Maana Nyingi

Katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, haipiti siku bila neno "kiume" kusikika. Shina lake ni -ume, nalo lina kazi nyingi. Mtoto wa kiume ni mvulana. Mpapai dume ni ule usiozaa. Mkono wa kuume ni wa kulia, na wa kushoto wazee waliuita mkono wa kuke. Ndugu wa kuumeni ni wa upande wa baba, wa kukeni ni wa upande wa mama. Hapo hapana sifa wala lawama.

Lakini mtu aambiwapo "jikaze kiume", neno limekwisha kuwa sifa ya ushujaa. Katika Kirundi pia, ubugabo, yaani ushujaa, latokana na umugabo, mwanamume. Ndipo baba amwambiapo mwanawe, "Usilie kama mwanamke," binti aliye karibu hujifunza kwamba woga ni fungu lake. Hali wako akina mama wa Burundi wanaovaa sare za jeshi na za polisi, na huenda mmoja wao ndiye mamaye.

Wazazi, tuseme "jikaze" tu. Latosha kwa wote wawili.