Muwa haukubali kuvundikwa

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Nadhani walionena hivyo walikuwa na embe au ndizi akilini, wala si muwa. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe, niliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu, na ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wengine maana za maneno, nilipata kuulizwa swali dogo shambani, nikalijibu kwa neno lisilofaa, na jibu langu likamtia hasarani mtu nimpendaye.

Mama mkubwa wangu ana shamba dogo la miwa katika uwanda wa Kano, mashariki ya mji wa Kisumu. Mwaka mmoja, karo ya mjukuu wake ikiwa haijalipwa, dalali alimjia na kumwambia kwamba miwa yake imeiva na kwamba lori lingefika kesho yake. Miwa hiyo ilikuwa na umri wa miezi 10. "Nyathina," akaniuliza, "wewe ndiwe msomi. Imeiva kweli?" Niliitazama ilivyosimama, mirefu kunipita kimo, majani yakimeta kwa afya, nikamjibu, "Imeiva, Mama." Ikakatwa. Fedha alizopata hazikufika hata nusu ya karo.

Kosa langu lilianzia katika kitenzi. Kuiva, katika Kiswahili, husemwa juu ya tunda lililo tayari kuliwa na pia juu ya chakula kilicho tayari kuepuliwa. Dholuo nayo ni vivyo hivyo: ndizi mbivu ochiek, na chakula kilichokwisha kupikwa ochiek. Lugha hizi mbili, zisizo za ukoo mmoja, zinakubaliana kwamba kuiva ni jambo linaloweza kuharakishwa. Ukitaka chungu kiive upesi, unachochea kuni. Ukitaka ndizi ziive upesi, unazivundika: unazifunika mahali penye joto, na baada ya siku chache unazikuta za manjano.

Mababu zetu walijua kuvundika kabla ya wanasayansi kulijua jina la kinachofanya kazi hiyo. Mwaka 1901, huko St. Petersburg, Dimitri Neljubow aligundua kwamba gesi ya taa ilikuwa ikipotosha ukuaji wa miche ya njegere, na kwamba kiini cha uharibifu huo ni gesi iitwayo ethilini. Mwaka 1934, Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitoa gesi hiyo. Ndizi iliyofunikwa hukusanya ethilini yake, na ethilini huiamuru igeuze wanga kuwa sukari. Kitu cha namna hii, kinachotengenezwa kwa kiasi kidogo mno lakini kikatoa amri kubwa, huitwa homoni. Neno hilo limetokana na Kigiriki, na asili yake ni kuchochea. Tumerudi, basi, kwenye kuni na chungu.

Lakini muwa si tunda. Muwa ni shina, na sukari yake haitokani na wanga uliokwisha kuwekwa akiba ukingoja amri. Sukari hutengenezwa na majani, ikateremka na kugawanywa kati ya matumizi mawili: kukuza ncha ya mmea, au kuhifadhiwa katika pingili. Homoni ndizo zinazosimamia mgawanyo huo. Jiberelini huziamuru pingili changa zirefuke. Wakati huo vimeng'enya vilivyomo ndani yake huivunja sukari mara inapofika, ili itumike katika ujenzi. Ukame unapoingia, homoni nyingine, asidi ya absisiki, huongezeka na kuutangazia mmea kwamba siku ngumu zimefika. Ukuaji hupungua, vimeng'enya vile hufifia, na sukari iliyokuwa ikiliwa huanza kuwekwa, pingili baada ya pingili, kuanzia chini kwenda juu.

Kwa hiyo muwa unaorefuka kwa nguvu, ule uliopendeza machoni pangu, ni muwa ambao bado unaitumia sukari yake. Mwaka 1926, Mjapani Eiichi Kurosawa alichunguza huko Taiwan ugonjwa wa mpunga ulioifanya miche irefuke kupita kiasi, kisha ikaanguka bila kuzaa. Aligundua kwamba ukungu ulioleta ugonjwa huo ulikuwa ukitoa kitu kinachorefusha mimea, na kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa jiberelini. Wakulima wa Japani walikuwa wameupa ugonjwa huo jina liwezalo kufasiriwa kuwa mche mpumbavu. Nilipolisoma jina hilo nilijiuliza ni nani hasa aliyekuwa mpumbavu siku ile katika shamba la Kano.

Nasi wa kando ya Ziwa tuna ugumu wetu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Hatuna majira ya baridi kama ya Natal au kusini mwa Brazili, ambayo huuambia muwa kwamba wakati wa kurefuka umekwisha. Mvua za masika zikipita, za vuli huwa njiani, na muwa uliokuwa umeanza kuweka akiba huirudia tabia yake ya kurefuka. Ndiyo maana kwetu umri una uzito mkubwa, na aina nyingi za miwa zinahitaji mwaka mmoja na nusu hivi, nyingine zaidi.

Yamkini msomaji atauliza: je, haiwezekani kuutia muwa homoni? Yawezekana. Katika Afrika Kusini na Brazili, mashamba makubwa hunyunyiziwa kwa ndege dawa za kuhimiza ukomavu. Baadhi yake hutoa ethilini ndani ya mmea, na nyingine huzuia jiberelini isitengenezwe. Lakini dawa hizo huongeza utamu wa muwa ulio karibu kukomaa, nao ni lazima ukatwe katika muda maalumu wa majuma machache. Haziwezi kuugeuza muwa wa miezi 10 kuwa wa miezi 18. Tena, katika vishamba vyetu vilivyopakana na mahindi na maharagwe ya jirani, dawa ya kuzuia ukuaji ikipeperushwa na upepo itazua kesi kwa chifu kabla ya kuzaa sukari.

Na ukishakatwa, muwa hauongezi utamu. Unaupoteza, kwa maana sukari yake huanza kuvunjika saa chache tu baada ya panga kupita. Muwa haukubali kuvundikwa.

Haya si mambo ya maabara peke yake. Mnamo Julai 2023 usagaji wa miwa ulisimamishwa kwa miezi kadhaa katika eneo la magharibi, kwa sababu viwanda vilikuwa vikigombania miwa michanga. Mwaka 2024 ikapitishwa Sheria ya Sukari, iliyoirejesha Bodi ya Sukari ya Kenya. Hata hivyo, sheria hazitaweza kushindana na njaa na karo iwapo mizani haitabadilika. Kwa miaka mingi mkulima wetu amelipwa kwa tani, na mizani haitofautishi maji na sukari. Anayelipwa kwa uzito peke yake hana sababu ya kungoja utamu.

Kipimo kipo. Kuna chombo kidogo cha kushikwa mkononi, refraktomita, kinachoonyesha wingi wa sukari katika tone la maji ya muwa. Pima pingili ya chini, kisha pima ya juu. Zikikaribiana, muwa umekomaa. Zikitofautiana sana, bado. Chombo hiki kisibaki mikononi mwa mnunuzi peke yake. Kila kikundi cha wakulima, kuanzia Kibos hadi Chemelil na Muhoroni, kiwe nacho, na kiwe na kijana anayejua kukieleza kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Kisha malipo yafuate kipimo, na mkulima mwenye dhiki apate mkopo wa kumvusha ile miezi ya kungoja, maana subira ya maskini ina gharama yake.

Nasi watu wa lugha tutimize wajibu wetu. Kiswahili kina kupevuka, kina kukomaa, kina kuiva, na kila kimoja kina mahali pake. Embe lililopevuka huweza kuivia kapuni. Muwa hukomaa shambani, au haukomai kamwe.

Mama mkubwa amepanda tena. Majuzi aliniita nikaitazame miwa yake, nayo ilikuwa imenipita kimo kama ile ya kwanza. Safari hii sikumjibu kwa macho. Nilimuuliza ina miezi mingapi.