Njia ya Kutoka Kambini Kwenda Chuoni

Katika Kongo yetu, njia itokayo chuoni kwenda kambini imekuwa fupi tangu zamani, lakini ile ya kurudi haijapata kufyekwa na mtu. Mwezi wa Juni 1971, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa walipothubutu kuwakumbuka wenzao waliouawa kwa risasi tarehe 4 Juni 1969, Rais Mobutu aliwaandikisha jeshini kwa nguvu; kisha baadaye wakaruhusiwa kuendelea na masomo wangali chini ya amri za kijeshi. Basi wale waliotiwa jeshini kuwa ni adhabu wakapata kusoma, ilhali waliochukuliwa wangali watoto, wakapigana vita vya wakubwa miaka nenda miaka rudi, ni nadra kuulizwa kama wangependa kuketi mbele ya ubao.

Mji wetu wa Kolwezi unao askari wa namna hiyo wa kila zama. Ni hapa hapa ambapo, Januari 1963, Moïse Tshombe alisalimisha ngome ya mwisho ya Katanga yake iliyojitenga, na majandarme wake wengi wakavuka mpaka kuingia Angola. Walirudi na silaha mwaka 1977, wakarudi tena 1978 na kuutwaa mji huu tarehe 13 Mei, hata Ufaransa ilipoteremsha askari wake wa miavuli siku sita baadaye. Na waliobaki hai, pamoja na wana wao waliozaliwa ugenini, wakaingia tena 1997 wakiitwa Tigre, bega kwa bega na kadogo, yaani askari watoto, wa muasi Laurent-Désiré Kabila. Msomaji na azingatie mwana wa jandarme aliyekulia Angola: nyumbani alisema Kilunda au Kichokwe, shuleni alifundishwa Kireno, sokoni Kolwezi akakuta Kiswahili, na chuoni mwalimu anasomesha kwa Kifaransa. Huyo hakosi akili wala maarifa. Ilimu yake imekwama forodhani tu.

Serikali haikuwasahau kabisa. Mpango wa kuwarudisha askari uraiani, ulioanza 2004, ulimpa mtu mzima dola 110 siku ya kuvua sare na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha akafunzwa kilimo, ushonaji, useremala au kazi nyingine ya mkono. Siidharau cherehani, maana imelea watoto wengi. Lakini dhana iliyojificha nyuma ya mpango huo, kwamba aliyeshika bunduki hafai kushika kalamu ila kwa kutia sahihi, hiyo naipinga. Natija yake tunaiona mashimoni, ambako kijana aliyekosa mtaji na shule huishia kuchimba kobalti pamoja na wachimbaji wengine wa mikono, akitumia nguvu zile zile alizotumiwa vitani.

Vizuizi vyenyewe vyajulikana. Cha kwanza ni diploma ya Serikali, ambayo bila hiyo hakuna mlango wa chuo kikuu unaofunguka. Ingawa sheria inamruhusu aliyejisomea mwenyewe kuufanya mtihani huo, ni nani atakayemwandaa mtu wa miaka arobaini aliyeiacha shule akiwa na kumi na miwili? Akifaulu, kuna minervali, yaani karo ya chuo, na ada za vitabu vya masomo. Na kuna jambo lisiloandikwa popote: mtu aliyezoea kutii amri na kuamrisha, leo anasahihishwa na asistenti aliye rika la mwanawe. Hata hivyo nadhani ataivumilia taabu hiyo kuliko vijana wengi, na katika suala la kufika kwa wakati huenda akawafunza hata walimu.

Hayo yamekwisha kuonekana kwingine. Marekani ilipopitisha mwaka 1944 sheria ya kuwalipia askari wa vita karo, vitabu na posho ya kujikimu, Robert Hutchins, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alihofu kwamba vyuo vingegeuka kuwa makao ya wazururaji. Waliingia vyuoni zaidi ya milioni mbili. Mwaka 1947 takriban nusu ya wanafunzi wa vyuo vya nchi ile walikuwa askari wa zamani, na aghalabu walisoma kwa bidii iliyowaaibisha vijana waliotoka moja kwa moja shuleni.

Mtu atasema Marekani ni tajiri. Mkoa wetu wa Lualaba je? Tangu sheria ya madini ya 2018, mkoa hupewa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na miji na machifu asilimia 15, fauka ya kuwa kobalti sasa hutozwa asilimia 10. Chuo Kikuu cha Kolwezi, kilichoanza kama tawi la Lubumbashi, kiko papa hapa mjini. Kwa hivyo nawaomba waheshimiwa wa Bunge la mkoa, watakapoketi kupanga bajeti ijayo, watenge fungu la mrabaha huo kwa mwaka mmoja wa maandalizi, Kifaransa na hesabu, kwa askari wa zamani wanaotaka kuufanya mtihani wa Serikali, na karo ya chuo kwa watakaofaulu.