Tarehe Moja, Muundo Mmoja
Mkenya asomapo 03/04/2025 huelewa tarehe 3 Aprili. Mmarekani huelewa tarehe 4 Machi. Ili kuondoa utata huu, kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka wa 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, halafu siku: 2025-04-03. Katika lugha ya programu ya JavaScript, amri ya toISOString huigeuza tarehe kuwa maandishi ya muundo huo. Hata hivyo, amri hiyo hufuata saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa Nairobi saa saba za usiku, tarehe 4 Aprili ikiwa imeshaingia, huandikwa 2025-04-03T22:00:00.000Z. Herufi Z huashiria saa hiyo ya ulimwengu. Mtunzi wa programu akiikata sehemu ya saa na kubakisha tarehe pekee, humpa mtoto siku ya kuzaliwa isiyo yake.